Maji Yameingia Ndani: Mwongozo kwa Nyumba Zilizo Chini ya Barabara, Mtwara na Lindi

Kwetu Mikindani hakuna anayechimba chumba chini ya ardhi akakiita sehemu ya nyumba. Hata hivyo tunazo nyumba zinazojaa maji kama kisima. Barabara imeinuliwa kwa kifusi mara mbili, mara tatu, nyumba imebaki palepale ilipojengwa na babu, na leo unashuka ngazi mbili ili uingie sebuleni. Lindi mjini ziko nyumba zilizokatwa ubavuni mwa kilima, ukuta wa nyuma umeegemea udongo mpaka usawa wa dirisha. Mvua kubwa ikipiga, chumba cha namna hiyo hupokea maji ya mtaa mzima na hakina pa kuyatolea.

Ninaishi katika nyumba kama hiyo. Mara ya kwanza maji kutuingilia nikiwa mwenye nyumba, mimi na mke wangu na watoto wawili wakubwa tulichota kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri. Kila ndoo tuliyoimwaga nje ilirudi kwa chini ya mlango. Mzee jirani yetu, aliyekuwa mvuvi maisha yake yote, alipita akienda msikitini. Akasimama, akatutazama, akasema: "Mwanangu, hapo unachota bahari. Ngoja maji yapwe." Nilidhani ananikatisha tamaa. Saa nne asubuhi, bahari ilipokuwa imepwa, tulizibua mdomo wa mtaro na maji yakatoka yenyewe kwa muda mfupi kuliko tuliochotea. Mwongozo huu wote unatokana na asubuhi ile.

Kwanza watu, halafu umeme

Toa watoto, wazee na mgonjwa kabla ya kuokoa godoro. Kama nje maji yanakwenda kasi, usiwapitishe humo kwa kuwa tu hayajafika gotini: maji ya kasi ya sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima, na chini yake huoni shimo wala kalavati lililofunuka. Ni heri kupanda juu ya kitu imara na kuita msaada. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Umeme ndio unaoua ndani ya nyumba iliyojaa maji, na unaua bila kuonekana. Kama meni swichi iko pakavu na unaifikia bila kukanyaga maji, izime, kisha usiingie chumba kilicholowa mpaka umehakikisha imezimika. Kama swichi yenyewe imelowa, au utalazimika kusimama majini kuifikia, usiiguse. Usitumie mti wala ufagio kuisukuma. Toka nje, piga TANESCO namba 180, waombe wakate kutoka kwenye nguzo. Watu wengi hapa hupata moyo wakiona mtaa mzima umezimika, au uniti za LUKU zimeisha, wakaingia wanakanyaga maji huku soketi zimezama. Umeme wa mtaa hurudi bila kubisha hodi, na soketi iliyo chini ya maji hurudi nao.

Wenye umeme wa jua wakumbuke kwamba betri na inveta havizimwi na TANESCO. Tenganisha nyaya ikiwa tu mikono na miguu iko pakavu. Vinginevyo mwite fundi. Mtungi wa gesi ufunge kwenye koki na uutoe nje ukiwa wima.

Soma maji ya nje kabla hujashika ndoo

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu watulie, maana ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Maji ya ndani hayawezi kushuka kuliko ya nje. Kama mtaro ulio mbele ya nyumba umejaa na ardhi imeshiba, unachotoa kitarudi, ama mlangoni, ama kwa chini kupitia sakafu.

Kwa miji yetu ya pwani kuna jambo la pili: bahari. Mitaro mingi ya Mikindani, Mtwara mjini na Lindi hatimaye humwaga baharini. Maji yakijaa, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya bahari na hautoi kitu. Wakati mwingine bahari ndiyo inayopanda kuingia mtaroni. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hali huwa mbaya zaidi kwa sababu bahari hupanda juu sana. Lakini siku hizohizo ndizo bahari inaposhuka sana pia. Pwani yetu bamvu hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na hupwa kama saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na saa hubadilika, kwa hiyo muulize mvuvi yeyote, atakuambia bila kutazama karatasi.

Basi fanya hivi. Chomeka kijiti pembezoni mwa maji ya nje, weka alama, rudi baada ya nusu saa. Maji yakiwa yanapanda, tumia muda huo kuinua vitu juu na kuziba chini ya mlango kwa viroba vya mchanga. Yakisimama, tafuteni mdomo wa mtaro na muuzibue: chupa, mifuko, matawi, mchanga uliojikusanya. Ifanyeni kazi hiyo watu wawili au zaidi, kwa reki ndefu au mti, mkisimama ukingoni, maana maji yakifunguka huvuta. Yakianza kushuka, ndipo ushike ndoo.

Wa Newala, Nachingwea au Masasi hawana bahari ya kusubiri. Wao wasubiri bonde au mto upungue, na kijiti kitawaambia vilevile.

Kutoa maji

Piga hesabu ujue kazi iliyo mbele yako. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye maji ya sentimita 30 kina lita 3,600, yaani ndoo 180 za lita 20. Watu watatu wenye zamu wanaziweza. Nyumba ya vyumba vinne, hapana, tafuta pampu. Wakulima wa mboga wengi wana pampu ndogo za petroli za kumwagilia, na mtaa ukichangishana mafuta, pampu moja inaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Funga wavu au kipande cha chandarua chakavu kwenye mdomo wa mpira unaovuta, usije ukanyonya tope na matambara. Mpira wa kutolea uupeleke mbali, kwenye mteremko unaotoka nyumbani kwako na usioelekea kwa jirani.

Pampu ya petroli au jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Mtu huhisi kichwa kinamuuma na usingizi unamjia, akakaa kidogo apumzike, asiamke tena. Haitoshi kuiweka barazani au kufungua dirisha.

Kwa chumba kilichochimbwa ubavuni mwa kilima, usikikaushe kwa mkupuo. Udongo uliolowa nyuma ya ukuta unausukuma kwa nguvu kubwa, na maji yaliyo ndani ndiyo yanayousaidia ukuta kusimama. Ukiyaondoa yote kwa saa moja, ukuta unabaki peke yake na unaweza kuangukia ndani, ukiwa na watu humo. Punguza kama sentimita 30, weka alama ukutani kwa mkaa, acha usiku upite. Asubuhi ukikuta maji yamepanda juu ya alama, ardhi bado inaleta maji, ngoja. Yakiwa palepale, punguza tena kiasi hichohicho. Ni kazi ya siku mbili au tatu, inachosha moyo, lakini ukuta ukianguka hakuna pampu itakayousimamisha.

Kabla ya kutoa chochote, piga picha za kila chumba zikionyesha maji yamefika wapi, halafu mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa. Orodha za walioathirika huanzia kwake.

Kuta, kila moja na tabia yake

Nyumba ya miti na udongo, au ya tofali mbichi, huonekana imesalimika maji yakitoka. Usiiamini. Chini ya ukuta udongo umelainika kama ugali, na mara nyingi ukuta huanguka siku ya pili au ya tatu, jua linapowaka na kila mtu amesharudi kulala ndani. Tazama pembe za nyumba kama zina ufa mpya unaopanda kwa mshazari, kama lipu imetuna, kama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekaza. Ukiona moja kati ya hayo, watu wasilale humo. Weka nguzo za kuegemeza upande wa nje, chimba mfereji wa kutoa maji hatua chache kutoka ukutani, na wala usirundike udongo kwenye msingi ukidhani unaukinga. Utaufanya ubaki umelowa.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyingi za Mikindani, huvumilia maji kuliko tunavyodhani. Zinachoshindwa kuvumilia ni matengenezo yanayofuata. Mafundi wengi huja na saruji, wakapiga lipu ngumu juu ya ukuta wenye unyevu. Chokaa hupumua, saruji haipumui hivyo. Unyevu unafungiwa ndani, chokaa ya nyuma inageuka unga, na baada ya mwaka lipu inabanduka vipande vipande ikitoka na jiwe. Mwambie fundi atumie chokaa na mchanga, na asubiri ukuta ukauke. Ukungu mweupe kama unga utakaotokea ukutani ni chumvi: ufagie kwa brashi kavu. Ukiusafisha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani.

Kuta za bloku za saruji hazina mengi. Bandua lipu iliyotuna, acha bloku zipate hewa. Dari la gipsamu lililolowa na kulegea litoboe kwa ncha ya mti, ukiwa umesimama pembeni, maji yatoke kabla halijaanguka lenyewe.

Choo, karo na kisima

Choo kikikataa kupitisha maji, watu huita gari la majitaka siku hiyohiyo. Subiri. Ardhi ikiwa imeshiba, shimo lililojaa linasukumwa kutoka nje na kushikiliwa na uzito wa kilichomo. Ukilinyonya likawa tupu, kuta za tofali zinaweza kuporomoka kuelekea ndani, na tangi la plastiki linaweza kunyanyuka na kuibuka juu ya ardhi. Litajaa tena kesho hata hivyo, na fedha yako imekwenda. Kwa siku hizo chache tumieni choo cha jirani aliye juu, au ndoo yenye mfuniko na majivu.

Kisima cha kuvunia maji ya mvua, kile cha kuchimbiwa chini ambacho watu wa Newala na Tandahimba hukitegemea mwaka mzima, kikiingiwa na maji ya juu ya ardhi yahesabu yote kuwa machafu. Yatolewe, kuta zisuguliwe, zioshwe kwa maji yenye klorini, kisha kisubiri mvua safi. Wa pwani, ambako maji ya ardhini yako karibu, asubiri maji hayo yapungue kabla ya kukimaliza kisima chake. Na mtu asishuke kisimani peke yake. Hewa ya chini ya kisima kilichofunikwa inaweza kuwa haina oksijeni. Fungua mfuniko kwa muda mrefu, mfunge kamba anayeshuka, na juu wabaki watu wenye nguvu ya kumvuta. Akizirai, mvuteni, asishuke wa pili kumfuata.

Maji ya kunywa, hata ya bomba, yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja nzima, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Bomba linapokosa msukumo huvuta uchafu kupitia kila tundu.

Tope, sabuni, halafu jiki

Tope litoe likiwa bado bichi. Likikauka linashika sakafu kama zege. Kapeti la plastiki, lile tunalotandika sebuleni, libandue lote hata kama juu linang'aa. Chini yake kuna maji ambayo hayatakauka mwaka mzima.

Kabla ya kuanza, vaa buti za mpira na glovu, na kama una kidonda kifunge vizuri. Nasisitiza hili kwa sababu ya panya. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza homa ya mgunda wilayani Ruangwa, hapahapa mkoani Lindi: wagonjwa 20, na 3 walifariki. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji na udongo wenye unyevu, na humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au mdomo. Nyumba iliyofurika ni mahali pake hasa. Kama siku chache au wiki chache baada ya usafi mtu anapata homa, kichwa, maumivu ya misuli hasa mashavu ya miguu, au macho mekundu, aende kituo cha afya na amwambie mganga waziwazi kwamba alishika maji ya mafuriko. Wengi hunywa dawa ya malaria nyumbani wakangoja. Homa ya mgunda inatibika kwa antibayotiki, na inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa.

Osha kwanza kwa sabuni na maji safi, ukisugua kwa ufagio wa chelewa. Jiki ikimwagwa juu ya tope inaishia kwenye tope, haiui kitu sakafuni. Baada ya kuosha, changanya lita 1 ya jiki ya kawaida, ile ya asilimia 3.5, katika ndoo ya maji ya lita 20. Paka sakafu na ukuta mpaka maji yalipofika, acha pabaki pamelowa kwa dakika 10, kisha suuza. Fungua madirisha. Usiichanganye jiki na dawa ya kuondoa madoa ya choo. Inatoa gesi inayochoma mapafu.

Nyoka na tandu hukimbilia pakavu kama sisi: juu ya kabati, ndani ya viatu, chini ya magunia. Geuza vitu kwa mti kabla ya kutia mkono.

Vitu: kipi kinaokolewa

Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe. Najua inavyouma kutupa gunia la mahindi au makopa mwezi wa Machi, ghala likiwa linaelekea ukingoni, lakini nafaka iliyolowa ikaanikwa huota ukungu wenye sumu ambayo haitoki kwa kupika. Usimpe hata kuku. Makopo ya bati yasiyotoboka yaoshwe kwa sabuni na jiki, yanafaa. Korosho ghafi iliyobaki ndani, kama imelowa kwa maji safi ya paani, ianike haraka kwa tabaka jembamba. Ikiwa imeguswa na majitaka, usiichanganye na ya wenzako.

Godoro la sponji lililokunywa maji ya karo halisafishiki. Kitanda cha kamba kinasafishika. Friji, redio na chochote chenye waya visiwashwe mpaka fundi avifungue na kuvikausha, hata kama nje vimekauka kabisa.

Vyeti, hati ya kiwanja, picha za harusi: usizibandue zikiwa zimegandamana. Zisuuze taratibu kwa maji safi, zilaze juu ya kitambaa kivulini, si juani. Zikiwa nyingi kuliko unavyoweza kuanika siku hiyo, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uziweke kwenye friza ya jirani zigande. Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili, na baridi hiyo inakupa muda wa kuanika chache chache.

Kukausha

Fungua madirisha mawili yanayotazamana asubuhi umande ukikauka, funga jioni. Vuta makabati mbali na ukuta. Usiwahi kupaka rangi: gundisha kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, kiache siku nzima, na ukikuta matone nyuma yake ukuta bado. Maji yakikuingia Januari, wakati wa kaskazi na mvua zikiendelea, jiandae kungoja miezi. Yakikuingia mwishoni mwa Aprili una nafuu, kwa sababu kusi likishika, linakausha kuta kuliko feni yoyote.

Kabla ya Novemba ijayo

Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kiangazi chote ni muda wa kazi. Jenga kizingiti cha tofali mbili mlangoni na ukipige lipu. Pandisha soketi zifike usawa wa kifua. Weka mfereji wa bati paani upeleke maji kwenye tangi au mtaroni, badala ya kuyaacha yaanguke kwenye msingi. Nyuma ya ukuta ulioegemea kilima chimba mfereji, ujaze kokoto, uuteremshe pembeni. Na barabara ikitaka kuinuliwa tena, nendeni mkutano wa mtaa kabla kifusi hakijamwagwa, mkaulize mtaro utapita wapi na kina chake ni kiasi gani. Sisi tuliuliza baada ya barabara kuisha.

Vifaa vinunue mapema. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, mabasi na malori yalikwama. Galoni mbili za jiki, buti, glovu, tochi, viroba vitupu 20 na vidonge vya maji vinakaa kwenye ndoo moja yenye mfuniko, juu ya kabati.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilize kwa neno lake. "Angalizo" ni kuzibua mtaro na kuinua magunia. "Tahadhari" ni kujaza viroba mchanga na kujua bahari inajaa saa ngapi. Ikiwa "tahadhari kubwa", peleka watoto na wazee kwa ndugu aliye juu kilimani kungali mchana, na uzime meni swichi unapotoka.